Mkandarasi ameharibu ukumbi wa nyumba yetu ya zamani Moshi, na bado anadai hela

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Nyumba ni ya familia, ipo Moshi mjini, ya enzi za Waingereza. Kuta nene za mawe, lipu ya chokaa, dari la mbao, na sakafu ya saruji nyekundu ambayo mama aliipiga nta miaka yote mpaka inang'aa. Ukifungua mlango mkubwa unaingia kwenye ukumbi mrefu, wenye ubaridi hata Januari. Kazi tuliyompa mkandarasi ilikuwa ndogo, na tuliiandika: kuziba nyufa, kupaka chokaa upya, kukwangua vanishi ya zamani mlangoni na kupaka mpya. Basi.

Mimi nafanya kazi Dodoma. Nimerudi nimekuta ukumbi wa nyumba nyingine kabisa. Lipu ya chokaa imebanduliwa yote mpaka kwenye jiwe, ikapigwa saruji, puti, halafu rangi ya mafuta. Dari limefunikwa kwa jipsamu na taa za duara, tundu za hewa za juu zimezibwa. Sakafu ya mama imegongwagongwa kwa tindo ili gundi ya marumaru ishike! Fremu ya mlango waliipiga msasa wa mashine bila kufunga hata turubai, vumbi la rangi ya miaka hiyo likajaa nyumba nzima yenye watoto wadogo. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Fundi rangi asiyejua hilo hafai kushika msasa.

Na mlango. Mninga mtupu, bawaba za shaba, hauna hata tundu la mchwa. Wameweka geti la chuma. Nikamuuliza msimamizi mlango uko wapi, akanijibu, "Dada, ule ulikuwa umechoka, vijana waliuchukua." Waliuchukua kwa ruhusa ya nani?

Hiyo saruji ndiyo inayonitoa machozi, kwa sababu marumaru zinaweza kung'olewa lakini ukuta unaendelea kuoza. Nyumba nyingi za wakati ule hazikuwekewa kizuizi cha unyevu kwenye msingi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta, na chokaa, kwa kuwa ina vinyweleo, huyaachia yatoke taratibu kama mvuke. Ukiifunika kwa saruji na rangi ya mafuta, maji yanakosa pa kutokea, yanazidi kupanda, na chumvi inayokuja nayo inasukuma rangi kutoka ndani. Masika hii yameonekana yote: malengelenge mpaka usawa wa kiuno, unga mweupe chini ya ukuta, harufu ya ukungu ukiingia tu. Nyumba hiyo haikuwahi kunuka.

Jibu la mkandarasi? Tuongeze hela apake dawa ya kuzuia unyevu, juu ya saruji ileile! Akaongeza kwamba chokaa ni ya banda la ng'ombe na wateja wake wote wanataka kisasa. Sisi hatukutaka kisasa, tulitaka kilichoandikwa kwenye karatasi aliyoisaini.

Kuna ndugu ameniambia niende Idara ya Mambo ya Kale. Sheria yake ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Nyumba za mji huu karibu zote zimekuja baada ya Wajerumani kuingia, reli yenyewe ya kutoka Tanga ilifika mwanzoni mwa miaka ya 1910. Nyumba ya mtu binafsi kama yetu inabaki na mkataba wake tu, na ndiyo maana watu hawa wanabomoa bila woga. Nina mkataba na picha za kabla na baada. Anayejua baraza la ardhi au mahakama ipi inapokea kesi ya namna hii anielekeze.

Pia natafuta fundi wa lipu ya chokaa, wa kweli, aliyewahi kuloweka chokaa na kuisubiri ikomae. Aliyefanya kazi Mji Mkongwe Zanzibar nitamlipia nauli na malazi.

Na kama uko Moshi au Arusha ukaona panauzwa mlango wa mninga wa mbawa mbili, bawaba za shaba, wenye dirisha dogo la vioo vya kijani juu yake, tafadhali niandikie inbox. Salio la mkandarasi silipi mpaka mlango urudi.