Tupeane uzoefu: waini za bei ya kawaida tunazokunywa hapa Mwanza

Mdau wa Pasiansi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Humu kila tukigusa vinywaji tunaishia kwenye bia na konyagi, waini tunaiachia harusi na kipaimara. Naomba leo tuizungumze yenyewe. Mimi sijasomea waini, ni mnywaji tu, ila naipenda na nainunua kwa hela yangu. Mwisho wangu ni elfu 25 kwa chupa, za juu ya hapo siwezi kuzisemea.

Naanza na nyekundu kavu, yaani isiyo tamu, ya Dodoma. Inaniuma kuona mtu anaipita kwenye rafu kana kwamba haipo, anaenda kuchukua ya nje kwa bei ya juu zaidi, halafu akifika nyumbani anakunja uso. Dodoma mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka, na wana zabibu yao nyekundu inayoitwa Makutupora. Mimi naisikia harufu ya zambarau zilizoiva kabisa, na nyuma yake ule ukakasi unaokamata ulimi. Ukakasi huo ndio unaowakimbiza wengi, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na dawa yake ni mafuta ya nyama. Chukua mbuzi choma, kipande cha ubavu chenye mafuta yake, tafuna kwanza ndipo upige funda. Utaona waini ileile imelainika.

La pili ni baridi. Tumekariri kwamba nyekundu haiwekwi kwenye friji, inanywewa kwa joto la chumba. Chumba cha nani? Waliosema hivyo walikuwa na vyumba vya Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Mwanza mchana tunacheza na 27 na kuendelea. Waini ya joto hilo pombe inakupanda puani, matunda huyasikii. Mimi naiweka kwenye friji nusu saa kabla ya kufungua, na hapo chupa ya elfu 15 inakuwa na heshima zake.

Karibuni, kila mtu aseme anakunywa nini, na chakula gani.

Binti wa Nyegezi

Asante kwa uzi, kaka. Mimi naomba niwatetee wanywaji wa tamu, maana tunasemwa sana. Nilianza na Four Cousins nyekundu ya switi na bado naipenda. Ile ni waini ya familia moja ya Robertson, Afrika Kusini, na jina limetokana na mabinamu wanne wa kweli. Watu wanasema ni juisi. Sawa, sukari ipo na pombe yake ni ndogo kuliko ya kavu, lakini mbona inafanya kazi yake?

Kwetu mama anapika dagaa wa nazi na pilipili ya kutosha. Jaribu kunywa nyekundu kavu na pilipili ile, mdomo unawaka moto mara mbili. Tamu iliyopoa vizuri inashika ule ukali, unaendelea kula. Kwa hiyo mtu akiniambia tamu ni ya wanaoanza, namuuliza kwanza anakula nini.

Kijana wa Mwaloni

Sato wa kukaanga, ndimu, nyeupe ya Chenin Blanc ya baridi kabisa. Sina la kuongeza.

Mdau wa Pasiansi

@Kijana wa Mwaloni umenikumbusha jambo, mkuu. Kwa samaki, nyekundu yenye ukakasi mimi siigusi, hasa sangara mwenye mafuta. Inaacha ladha ya chuma mdomoni kama umelamba msumari. Nyeupe haina shida hiyo, na uchachu wake unafanya kazi ya ndimu. Na Chenin si lazima iwe ya Afrika Kusini, ingawa kule ndiyo zabibu inayolimwa kuliko zote. Dodoma nayo ipo, tena ni nzuri.

@Binti wa Nyegezi dada, kwa pilipili umeniweza. Nakubali.

Muuza Duka Igoma

Niongee kama mtu anayeuza. Lawama nyingi zinazotupiwa waini za bei ndogo, kosa ni la utunzaji. Chupa imekaa dirishani, jua la saa nane linaipiga kila siku kwa miezi, itabaki na nini? Mteja anainunua, inamchachukia, anasema waini za bei rahisi ni siki. Mimi zangu nazipanga ukuta wa nyuma, chini, kwenye giza.

Ukienda kununua, inua chupa uitazame. Kama kizibo kimesukumwa juu mpaka karatasi ya shingoni imevimba, rudisha, hiyo imepata joto. Ona pia kama kuna michirizi iliyokaukia shingoni. Kwa nyeupe, ikiwa imegeuka rangi ya chai, iache. Na chupa ya kifuniko cha kuzungusha msiidharau, inafunga vizuri na haihitaji opena.

Boksi nalo lina nafasi yake. Ndani kuna mfuko unaosinyaa kadiri unavyomimina, hewa haiingii, ndiyo maana ukilifungua unaweza kulitumia wiki 4 mpaka 6 likiwa kwenye friji. Chupa iliyofunguliwa ni siku 3 hadi 5, na iwe imefungwa vizuri. Kwa mtu anayekunywa glasi moja jioni, boksi linamwokolea hela. Angalia tu tarehe, maana boksi halikai dukani muda mrefu kama chupa.

Msafiri wa Dodoma

Hilo la joto ni kweli tupu. Mimi kazi inanipeleka Dodoma na huwa narudi na chupa. Safari moja kondakta alichukua begi langu akalisukuma kwenye buti, upande wa injini. Kufika Shinyanga nashuka kuchukua kitu, nagusa begi, limelowa. Kizibo cha chupa moja kilikuwa kimetoka nusu, na ile iliyobaki haikuwa na harufu ya zabibu tena, ilinukia kama jamu iliyoungua. Sasa chupa zangu nazifunga kwenye kanga, nazipakata au naziweka miguuni, na kondakta aseme anachotaka.

Mkifika Dodoma onjeni kabla ya kununua. Wapo wazalishaji wadogo wanaokuonjesha bila kinyongo.

Mama Kipaimara

Wanangu, na sisi tunaopenda Dompo mtuweke kwenye orodha. Glasi ndogo baada ya chakula, basi. Ni nzito na ni tamu, si ya kujaza glasi kama maji.

Mdau wa Pasiansi

Shikamoo mama. Umo, tena mbele kabisa. Na ushauri wako wa glasi ndogo wote tuuchukue, maana waini nyingi za kavu zina pombe asilimia 12 hadi 14, wakati bia zetu ziko kwenye 5. Mtu akizoea kuhesabu chupa za bia, anamaliza waini peke yake halafu anamlaumu mtengenezaji kwa kichwa cha asubuhi.

Mhaya wa Kemondo

Ng'ambo ya ziwa huku naona hamjatusikia. Senene! Msimu ukifika Novemba, tunawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, chumvi kidogo, mpaka wawe wakavu wa kutafunika. Wazee wanawala na lubisi, pombe yetu ya ndizi, na ndivyo nilivyokuta. Lakini kuna jioni mgeni alikuja na nyeupe kavu, tukaitia kwenye ndoo ya barafu. Senene wana mafuta na utamu fulani wa karanga, na uchachu wa ile waini ulikuwa unasafisha mdomo kila baada ya kiganja. Sahani iliisha kabla ya chupa. Tangu hapo msimu wa senene nyumbani kwangu hauanzi bila nyeupe kavu, na huwa sinunui ya zaidi ya elfu 20.

Kijana wa Mwaloni

Mkuu, senene na Chenin? Tuma mtu na meli.

Mdau wa Pasiansi

Mhaya, hii ndiyo niliyokuwa naisubiri. Jumamosi nanunua nyeupe kavu mbili, moja ya Dodoma na moja ya Robertson, naziweka kwenye friji moja, nazionja na sato wa Mwaloni na kachumbari isiyo na pilipili. Nitaleta mrejesho hapahapa. Wengine endeleeni, hasa wa Ukerewe na Sengerema, huko mnapata nini madukani?