Wifi anataka kuniletea slokuka kutoka Marekani: nipokee au nimwombe hela?

MamaPacha_Kimara
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, na utani uje baada ya majibu.

Natoka nyumbani saa 11 alfajiri, narudi saa 2 usiku. Dada wa kazi alienda kwao msibani, hajarudi na simu hapokei. Pacha wangu wanashinda kwa bibi yao, nawapitia usiku, tunaingia ndani wote tuna njaa. Maharage siku hizi napika Jumapili tu, maana mtungi wa gesi wa kilo 6 nikiwasha kwa maharage nauona unavyopepea.

Wifi yangu yuko Ohio, anakuja Desemba. Anasema ana slokuka mbili, moja ni yangu. Ni lile jungu la umeme lenye chungu kizito ndani na mfuniko wa kioo. Unatia kila kitu asubuhi, unaondoka, ukirudi chakula kimeiva. Anavyolisifia, ni kama dada wa kazi asiye na misiba. Mlio nalo hapa Bongo, ni kweli? Umeme linakula kiasi gani? Au anipe tu hela nitafute presha kuka?

FundiTaa
Dada, kabla hujafika kwenye chakula anzia ukutani. Mwambie wifi apige picha kibandiko cha chini ya jungu. Kama kimeandikwa 120V peke yake, asihangaike kulipakia. Umeme wetu ni volti 230. Kifaa cha kupasha joto ukikipa volti karibu mara mbili, moto unakaribia mara nne. La wati 200 litavuta wati 700 na kitu. Niliwahi kuletewa moja la hivyo: ufa umetoka mdomoni hadi kitakoni, waya wa ndani umekatika, na mwenyewe analaumu chungu. Yenye vitufe vya kielektroniki ndiyo kabisa.

Kuna transfoma za kushushia umeme, ila lazima iwe na uwezo unaozidi wati za jungu. Ni dude jingine zito la kukaa jikoni linaunguruma kutwa nzima na wewe haupo. Mimi nisingelala usingizi.

Mhasibu_Mkali
Jumapili moja nilizima kila kitu ndani, hadi friji, nikakaa na mita ya LUKU. Slokuka yangu ya wati 210, masaa 8, ilikula uniti 1.7. Kwa sisi wa shilingi 356 kwa uniti, hiyo ni kama 600. Siku nyingine nikapika maharage yaliyolowekwa kwenye presha kuka ya umeme ya wati 1000: hata nusu uniti hayakufika. Watu wanaogopa ile elfu moja wanasahau muda. Ikishapata presha inatulia, inajiwasha na kujizima. Kwa maharage, slokuka inapigwa mchana kweupe.

MzeeWaKorogwe
Mama zetu walibandika chungu cha maharage kwenye mkaa usiku, wakaufukia moto kwa majivu, asubuhi yameiva. Hamtaki kazi tu.

MamaPacha_Kimara
Shikamoo mzee. Nimepanga vyumba viwili. Mkaa usiku, madirisha yamefungwa, na watoto ndani?

MzeeWaKorogwe
Marahaba. Hapo sina neno. Sisi jiko lilikuwa bandani, nje.

NesiWaZamu
Gharama tuziweke kando kwanza. Maharage, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili, na sumu hiyo inavunjwa na kutokota kwenyewe, si vuguvugu. Slokuka kwenye moto mdogo inaweza kukaa masaa kwenye nyuzi 75 au 80. Utayaminya yamelainika, utasema yameiva, kumbe sumu ipo, na joto la namna hiyo linaweza hata kuiongezea makali. Ndani ya saa moja hadi tatu ni kutapika, halafu tumbo.

Kwa hiyo: loweka usiku kucha, mwaga yale maji, tia mapya, chemsha jikoni yatokote dakika 10 kamili (mimi naacha 30, sina haraka), ndipo uhamishie kwenye jungu. Sasa piga hesabu. Umeshawasha gesi nusu saa alfajiri, umebakiza nini cha kuokoa?

La pili ni umeme kukatika. Ukikatika saa 4 asubuhi ukarudi saa 8 mchana, wewe uko kazini, utakuta chakula cha moto na hutajua kililala vuguvugu masaa manne. Na wewe unaondoka masaa 15. Jungu hilo kazi yake ni masaa 8 au 10. Nyama ya kutoka friza usiitie ikiwa barafu, kwa sababu ileile.

GetoBoy
Swali la kizembe: mtu anaruhusiwa kufunua aonje?

Mhasibu_Mkali
Kila ukifunua ongeza dakika 20 hadi 30. Acha umbea.

BintiUnguja_Muscat
Mmeiponda sana jamani, mimi naitetea. Huku umeme haunisumbui, na maharage sipiki humo kamwe. Napika bokoboko. Usiku wa kuamkia Idi natia ngano niliyoloweka, nyama ya mbuzi, kijiti cha mdalasini, chumvi na maji, nafunika, nakwenda zangu kupaka hina. Alfajiri natoa mifupa na mdalasini, naipiga kwa mwiko mpaka ivutike, halafu samli na vitunguu vya kukaanga juu. Nyumbani Unguja kazi hiyo ilitaka mtu wa kukaa na sufuria akoroge isishike chini. Humu haishiki, moto wenyewe unazunguka ubavuni taratibu.

Kasoro zake nazijua. Haikaangi, kwa hiyo kitunguu na nyama vipitishe kwanza kwenye kikaango, la sivyo mchuzi unatoka wa hospitali. Maji tia kidogo kuliko ulivyozoea, mvuke wote unarudi ndani. Viazi na karoti viweke chini, ndivyo vinavyochelewa, nyama juu. Na tui, dada yangu, ukilitia tangu mwanzo linakatika, unapata mabonge na mafuta. Tui zito liingie dakika za mwisho, mfuniko wazi.

OtisWaKisumu
Kwetu tunatumia kapu lililojazwa matambara. Maharagwe yaliyolowekwa yatokote dakika 20, sufuria ifunikwe, izikwe kapuni, kwaheri. Stima ikatike isikatike.

MamaPacha_Kimara
Asanteni sana. Wifi katuma picha: 120V, 60Hz. Nimemwambia aliache, amenuna kidogo, lakini hela ametuma. Nitachukua presha kuka, maharage yatapikwa nikirudi.

Ila supu ya makongoro, yaani miguu ya ng'ombe, imebaki kichwani. Usiku si niko nyumbani?

NesiWaZamu
Hapo sasa. Usiku upo, umeme ukikatika utajua, na mifupa inataka muda mrefu.

Mhasibu_Mkali
Ile yangu imelala kabatini tangu niipime. Njoo uiazime, niko Mbezi.

MamaPacha_Kimara
Mrejesho. Jumamosi makongoro niliyachemsha kwanza, nikamwaga yale maji ya povu, nikayahamishia kwenye jungu saa 3 usiku: maji ya kufunika tu, tangawizi, kitunguu saumu, chumvi, moto mdogo. Saa 9 nikaamka kuhakikisha taa yake inawaka, nikaikuta inawaka. Saa 12 asubuhi ukucha unaachia wenyewe, supu inanata midomoni. Ndimu na pilipili nimetia kwenye bakuli. Kosa langu ni maji, bado yalizidi kikombe kizima.

Harufu imejaa korido nzima. Jirani wa chumba cha mbele kagonga na bakuli mkononi, anauliza nauza bei gani.

Mhasibu_Mkali
Mwambie shilingi 600. Na mimi niwekee langu.