Naomba ushauri: Hertha Ayrton nimfundishe nusu au mzima?

Habari zenu walimu. Nafundisha fizikia shule ya wasichana, na klabu ya sayansi imenipa kipindi kimoja. Nimemchagua Hertha Ayrton, mwanamke mwanafizikia wa Uingereza.

Kwenye fizikia sina shida. Taa za tao la umeme, yaani mwanga wa umeme unaoruka kati ya vijiti viwili vya kaboni, zilikuwa zikizomea na kuyumba; yeye akaonyesha kuwa chanzo ni oksijeni kugusana na vijiti vya kaboni. Wasichana wameona mafundi wakichomelea mageti, wataelewa. Mwaka 1902 alipendekezwa kujiunga na Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, akakataliwa kwa kuwa ni mke wa mtu! Mwaka 1906 haohao wakampa tuzo yao, Medali ya Hughes.

Kinachonitatiza ni siasa. Aliwauguza nyumbani kwake wanawake wanaodai haki ya kupiga kura, waliotoka gerezani wamedhoofu kwa kugoma kula. Sensa ya 1911 alikataa kuijibu, akaandika kwenye fomu: atajibuje maswali yote hayo ikiwa hana akili ya kuchagua mbunge?

Mwenzangu mmoja anasema niishie kwenye taa, nisionekane nafundisha mabinti ukaidi. Mimi naona huko ni kumkata mtu katikati. Mliowahi kugusa mambo haya darasani, mlianzia wapi? Na mkuu wa shule nimdokeze mapema, au nifundishe kwanza?