Betri ya pili hii ndani ya miezi minane, gari ikilala siku mbili haiwaki. Nianzie wapi wakuu?

kipepeo_mweusi

Wakuu habarini humu ndani. Naombeni msaada kabla sijaisukuma hii gari mtoni. Miezi minane nyuma ilianza kugoma kuwaka, nikaambiwa betri imechoka, sawa, nikanunua mpya ya 45Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha moto inachobeba). Ikakaa vizuri miezi kama mitano mchezo ukarudi ule ule, nikaenda kwa fundi akaiangalia tu kwa macho akasema hii uliuziwa mbovu, nikanunua nyingine. Sasa na hii nayo imeanza.

Kitu kinachonichanganya ni kwamba nikiitumia kila siku inawaka fresh kabisa. Ila nikiipaki Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi nikipiga starta inasema tik tik tik tik, taa za dashibodi zinafifia, basi. Nikibustiwa inawaka na natembea nayo siku nzima bila shida. Taa nyekundu ya betri haijawahi kuwaka nikiwa barabarani. Jirani anasema alteneta (ile inayochaji betri injini ikiwaka) imekufa, fundi anasema betri, shemeji anasema niuze. Mimi ni dada tu nisiyejua umeme, nielezeni taratibu.

Mzee wa Gia

Hiyo ni alteneta, wala usipoteze muda. Washa gari, ikiwa inanguruma chomoa kichwa kimoja cha betri. Ikizima jua alteneta haitoi moto, isipozima ni nzima. Nimefanya hivyo miaka na miaka.

waya_mwekundu

Dada chonde chonde usifanye hivyo. Shikamoo mzee wangu, nakuheshimu, ila njia hiyo ilikuwa ya magari yasiyo na kompyuta. Betri ndiyo inayotuliza moto wa alteneta, ukiichomoa ghafla wakati alteneta inasukuma volti inaruka juu kabla regyuleta (kidhibiti volti) haijawahi kuizuia, na kinachopigwa ni kontroli boksi (kompyuta ya gari), redio na dayodi za alteneta yenyewe. Unaenda kupima mgonjwa unarudi na marehemu.

Tafuta mita ya digito, ile ya kawaida tu, iweke kwenye volti DC. Kwanza pima betri asubuhi gari ikiwa imelala usiku kucha, kabla hujawasha chochote. Betri iliyojaa inasoma 12.6 hivi. 12.2 maana yake imebaki kama nusu, ukiona 12.0 kushuka chini hiyo ina njaa. Ikisoma 10.5 hata baada ya kuchajiwa kuna chumba kimoja kimekufa, maana ndani kuna vyumba sita na kila kimoja kinatoa volti 2 na kidogo. Usipime mara tu baada ya kuzima injini, utasoma namba nzuri ya uongo.

Halafu mtu apige starta wewe ukiangalia mita. Isishuke chini ya 9.6. Mwisho gari ikiwa imewaka pima tena pale pale kwenye betri, unataka kati ya 13.8 na 14.5, kisha washa taa kubwa na feni uone kama inashikilia. Ila kuna gari mpya ambazo kompyuta ndiyo inaamua chaji, hizo zinaweza kusoma chini zaidi au juu zaidi na zikawa nzima, kwa hiyo kama yako ni ya hivyo sema.

Leta namba. Bila namba sote humu tunapiga ramli.

tairi_bovu

Kabla hata ya mita fungua boneti shika vichwa vya betri uvizungushe kwa mkono. Kikizunguka tu hapo hapo ndio ugonjwa. Na ule unga mweupe wa kijani osha kwa maji ya moto na magadi.

kipepeo_mweusi

Vichwa vimekaza, nimejaribu hadi vidole vinauma. Gari si mpya, haina hayo mambo ya kompyuta kuamua chaji.

Namba hizi hapa: niliichaji jana kutwa, leo asubuhi 12.5. Nilipopiga starta ilishuka hadi 10.4 ikawaka. Ikiwa imewaka 14.1, nilipowasha taa na feni 13.9. Kwa hiyo betri nzima na alteneta nzima? Sasa ugonjwa uko wapi??

waya_mwekundu

Safi sana dada, umewapita mafundi wawili mpaka hapo. Betri inapokea, alteneta inachaji. Kama mchana inajaa na ikilala inaisha, kuna kitu kinakula moto gari ikiwa imezimwa. Na hiyo ndiyo iliyoua betri yako ya kwanza, betri ya kawaida ya gari haipendi kukaushwa mara kwa mara, kila ikikauka inapoteza uwezo kidogo.

Sasa mita ihamishe kwenye ampea, na waya mwekundu wa mita uutoe uweke kwenye tundu la 10A, watu wengi wanasahau hapa wanaunguza fyuzi ya mita. Zima kila kitu, funga milango, chomoa kichwa cha hasi, mita ikae katikati ya kichwa hicho na waya wake ili moto wote upitie kwenye mita. Usipige starta wala usiwashe swichi mita ikiwa hapo. Subiri nusu saa au zaidi vifaa vilale, mwanzoni utaona namba kubwa usiogope. Ikitulia inatakiwa 0.05 kushuka chini. Ikiwa juu anza kuchomoa fyuzi moja moja, ukichomoa moja namba ikaanguka hapo ndipo mwizi anapoishi.

kipepeo_mweusi

Nimesubiri dakika 40. Imetulia 0.71. Nimechomoa fyuzi ZOTE za ndani na za kwenye boneti, zile ndogo, haikushuka hata kidogo. Nimechoka jamani.

waya_mwekundu

0.71 ni sawa na kuacha taa ya ndani inawaka usiku na mchana. Piga hesabu, kutoka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni saa 60, mara 0.7 unapata 42Ah, na betri yako ni ya 45. Hapo hata ingekuwa ya dhahabu isingewaka.

Na kama fyuzi ndogo hazibadilishi kitu, fikiria nyaya ambazo hazipiti huko, yaani starta na alteneta. Kesho asubuhi, gari imelala usiku kucha, injini ya baridi kabisa, weka kiganja kwenye mgongo wa alteneta. Halafu shika chuma kingine cha injini ulinganishe.

kipepeo_mweusi

WEEE. Ni ya vuguvugu!! Injini yote ya baridi kama jiwe la mtoni ila alteneta ina joto kama chupa ya chai iliyosahaulika. Nimemwita shemeji naye akashika.

waya_mwekundu

Hiyo ni dayodi. Dayodi ni kama mlango wa upande mmoja, unaruhusu moto utoke alteneta kwenda betri lakini usirudi. Mmoja ukivuja gari inaendelea kuchaji 14.1 kama kawaida, taa ya dashibodi haisemi kitu, ila usiku moto unarudi kinyumenyume unapasha koili.

Hakikisha kwanza usije ukatoa hela bure. Toa kichwa cha hasi KWANZA, ule waya mnene wa alteneta una moto muda wote, spana ikigusa bodi utaona fataki. Kisha fungua waya huo, uzungushie tepu, rudisha mita uone. Ikianguka chini ya 0.05 kesi imeisha. Anayeweza kuongeza ushahidi aweke mita kwenye AC, gari ikiwa imewaka na taa zikiwashwa, ikizidi nusu volti pale kwenye betri dayodi zina kasoro.

tairi_bovu

Samahani nadandia hapo hapo, yangu inasoma 13.1 tu ikiwa imewaka. Alteneta?

waya_mwekundu

Pima nyuma ya alteneta yenyewe kwenye ile nati ya waya mnene, injini ikiwa inanguruma, angalia nguo zisinaswe na mkanda. Huko ukikuta 14.3 na kwenye betri 13.1 basi volti zinapotea njiani, ni waya au kiungo kilichooza, tofauti isizidi 0.2. Zote zikiwa 13.1 angalia mkanda kama umelegea, na upande wa hasi pia, kisha ndio uilaumu alteneta.

kipepeo_mweusi

Mrejesho. Tulivyotoa ule waya ikaanguka 0.03. Alteneta imefunguliwa, sahani ya dayodi imebadilishwa, kaboni (brashi za alteneta) nazo zilikuwa zimebaki kidogo tukabadilisha humo humo. Gari nimeipaki Ijumaa, leo Jumatatu 12.5, starta moja tu.

Shemeji sasa anataka kuinunua.

Mzee wa Gia

Kwa hiyo nilisema alteneta, si ndiyo?

waya_mwekundu

Marahaba hiyo tunakupa mzee 😂 ila kichwa cha betri usichomoe.