Marissa amezikwa wapi? (Mwisho wa sizoni ya tatu, The O.C.)

Fundi wa Makambako:
Habari za jioni wapendwa. Nina swali kuhusu The O.C., ile tamthilia ya vijana ya Marekani. Mlioimaliza nijibuni bila kuficha mwisho, maana nataka kujua kabla mtoto hajajua.

Ni fundi cherehani hapa Makambako, sizoni naangalia usiku nikimalizia sare za watu. Likizo hii niko na binti wa dada yangu, yuko kidato cha nne bweni, tumeianza pamoja tangu kijana Ryan anatolewa mji wa Chino na kuletwa kwa akina Cohen, familia tajiri ya Newport. Juzi tukafika mwisho wa sizoni ya tatu. Mahafali ya shule ya Harbor, majoho mwilini, hata Marissa, mpenzi wa zamani wa Ryan, aliyefukuzwa shule kwa ajili ya kumpiga risasi Trey, kaka yake Ryan, kamaliza pamoja na wenzake. Kisha Ryan anamsindikiza uwanja wa ndege, aende akafanye kazi kwenye boti ya baba yake. Volchok, mwanaume aliyeachana na Marissa, anawafuata na gari, anawagonga, wanabingirika. Ryan anamtoa Marissa, anataka kukimbilia msaada, Marissa anamwomba asiondoke. Anafia mikononi mwake palepale barabarani, wimbo unapigwa, majina yanapanda. Basi.

Mimi nililia sana. Binti hakulia. Aliniuliza tu, "Mama mdogo, wamemzika wapi?" Nikamwambia hawajaonyesha. Kesho yake tunapukuchua mahindi akauliza tena.

Niwaeleze kwa nini limenishika. Mwaka jana rafiki yake wa bweni, yeye juu mwenzake chini kwenye kitanda kimoja, aliugua, akarudishwa kwao Ludewa, akafia huko. Wanafunzi walitangaziwa mstarini asubuhi, wakaambiwa waingie darasani. Kwenda kuzika hawakuruhusiwa. Huku kwetu mtu akifa kuna turubai, akina mama wanalala kwenye mikeka, na hata mtoto anatupa udongo wake kaburini. Huyu hakupata hata kimoja, na sasa sizoni aliyoipenda imemfanyia vilevile. Je, sizoni ya nne inaonyesha msiba? Kama wanaruka tu na kuingia kwenye mapenzi mapya, naifuta kwenye flashi usiku huuhuu.

Kaka wa Mwanjelwa:
Dada, pole wewe na binti. Mazishi hawaonyeshi. Sizoni ya nne inaanza miezi imeshapita.

Ila usiifute. Waliofiwa hawajarukwa. Ryan kahama kwa akina Cohen, usiku anaingia kwenye kizimba kupigana ngumi na unaona kabisa kwamba anataka kupigwa. Julie, mama yake Marissa, anamtafuta Volchok ili Ryan akammalize. Summer, rafiki mkubwa wa Marissa, yuko chuo cha Brown, kajitosa kwenye harakati za mazingira asipate nafasi ya kuwaza, hata mpenzi wake Seth, mtoto wa akina Cohen, anamkwepa. Ryan anamfuata Volchok mpaka Mexico, na mwishowe akimpata hamwui. Hapo mimi nilisimamisha nikatoka nje kwanza.

Ninayotaka mfikie ni sehemu ya saba. Ryan na mwenzao wa shule Taylor wanaanguka, wanazimia, wanajikuta kwenye Newport ambayo Ryan hakuwahi kufika. Ukiwa wewe ni Ryan, unatumaini nini? Kwamba kama hukuja, Marissa yu hai. Anakuta alikufa miaka mitatu nyuma, huko Tijuana, Mexico, alipozidisha vidonge, kwa sababu hapakuwa na wa kumbeba kutoka ule uchochoro. Kumbuka sizoni ya kwanza alivyombeba. Kwa hiyo miaka mitatu yote tuliyomwona akicheka, akigombana na mama yake, mpaka akavaa joho, aliipata kwa sababu Ryan alikuwepo. Binti wako naye alilala kitanda kimoja na mwenzake. Mwache aione hiyo.

Dereva Kitonga:
Mimi waandishi sijawasamehe. Josh Schwartz mwenyewe, aliyeibuni hiyo tamthilia, ameshaeleza kwamba wakubwa wa kituo cha televisheni cha Fox walitaka tukio kubwa. Wakamuua mtoto wa watu Mei 18, 2006, na Februari 2007 tamthilia ikafungwa baada ya sehemu 16 tu za sizoni ya nne. Kifo hakikuiokoa. Mlima Kitonga napita na semi mara nyingi, nimesaidia kutoa watu kwenye magari pale, na nasema ajali isitumike kuvutia watazamaji. Sehemu ya saba ni nzuri, nakubaliana na kaka. Lakini binti hamuulizii Marissa, dada. Unajua anamuulizia nani.

Mama Njombe:
Dereva amesema. Mwanangu, kuhani hakupitwi na wakati. Mpeleke Ludewa likizo hiihii kabla hajarudi kwenye mitihani. Tanguliza taarifa kwa wazazi wa marehemu, mbebe sukari na unga, umfunge binti kanga, mseme mmekuja kuhani na kwamba alikuwa mwenzake wa bweni. Watamwonyesha kaburi wenyewe. Na yule mama aliyefiwa atafurahi kumwona mtu aliyeishi na mwanae shuleni, maana hayo maisha ya bweni yeye hakuyaona. Nimefiwa, najua ninachosema.

Fundi wa Makambako:
Nimesoma yote nikamsomea na yeye. Ya Volchok hakuyajali. Mama Njombe uliposema watamwonyesha kaburi, akanyamaza, kisha akaenda kutoa daftari ambalo marehemu alimwazima la Bayolojia, bado analo. Anauliza kama anaweza kulirudisha kwa mama wa marehemu.

Namba ya baba wa marehemu tumeipata kwa mwanafunzi mwenzao, kesho nampigia. Sehemu ya saba tutaiangalia tukirudi. Mama, magari ya Ludewa pale Njombe yakoje? Nina sare za kukabidhi Ijumaa, nataka tutoke Jumamosi.

Mama Njombe:
Alirudishe, tena alipeleke kwa mkono wake. Msitoke Jumamosi asubuhi, mtachelewa gari. Njooni Ijumaa jioni mlale kwangu, alfajiri nawasindikiza stendi. Mje na masweta.