Mstari wa kijani ndani ya jiwe: hata kwenye barafu upo?

Fundi Mwashi, Mikindani
Habari za jioni wakuu. Tunakarabati ukuta wa nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe. Juzi nimepasua jiwe kwa tindo nikakuta mstari wa kijani umefuata ngozi ya jiwe, uko ndani kama unene wa kucha. Si ukoga, nje jiwe ni la kijivu, kavu kabisa. Nilipokwaruza kwa msumari, penye kijani pakamomonyoka kama unga, chini yake pagumu. Binti yangu wa kidato cha tatu anasema hata mawe ya Antaktika yana viumbe hivyo. Kwa baridi ile vinaishije, na jiwe vinalifanya nini?

Mwalimu, Masasi
Fundi, binti hajakosea. Ni kwenye Mabonde Makavu ya McMurdo. Wanasayansi Friedmann na Ocampo waliandika mwaka 1976 habari za viumbe vinavyoishi ndani ya mawe ya huko. Ndani ya mawe mchanga ya huko mna likeni, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Ukipasua unaona tabaka nyeusi, kisha nyeupe, kisha kijani, zote ndani ya sentimita moja hivi. Jua likipiga, jiwe hupata joto kuliko hewa, theluji kidogo huyeyuka, jiwe likanywa maji, viumbe vikaamka. Mwanga hupenya kwenye chembe za kwatzi, madini yanayopitisha mwanga.

Kuhusu jiwe vinalifanya nini, jibu lako liko kwenye ule weupe. Kwa nje mawe yale yana rangi ya kutu, ni chuma hicho. Likeni hutoa asidi ya oksaliki, nayo hukiyeyusha chuma na kukihamisha, pakabaki peupe. Kinachoshika chembe kwa chembe nacho hulegea, mwishowe ganda la juu hubanduka kama rangi kwenye ukuta wenye chumvi. Viumbe vilivyosalia hushuka ndani vikaanza upya. Huchukua miaka mingi mno, maana saa za kuwa macho ni chache.

Lako ni jiwe la chokaa, na humo sayanobakteria, yaani bakteria wa kijani wanaoishi kwa mwanga wa jua, hutoboa jiwe wenyewe. Limwagie maji, liache kivulini usiku mmoja, uone kama kijani kitaamka.

Mkazi wa Lindi
Basi fundi apige saruji awazibe?

Fundi Mwashi, Mikindani
Hapana ndugu yangu, saruji hufungia unyevu ndani, jiwe la matumbawe likaoza kwa nyuma. Nyumba hizi ni chokaa na mchanga tu.

Mwalimu, nililimwagia jana baada ya magharibi. Asubuhi hii kijani kimekolea kama kisamvu kibichi! Binti amekifunga kipande kwenye kitambaa, ameenda nacho shule.