Pendekezo la utafiti kuhusu miwa limerudishwa: "Haya ni maelezo, si uchumi-siasa"

Mwana_wa_Butere:
Hamjambo wanajamvi. Nasomea uzamili hapa magharibi. Mada niliyopeleka ni "Mambo yanayoathiri mapato ya wakulima wa miwa Kaunti ya Kakamega". Msimamizi amenirudishia, anasema nimeandika maelezo wala si uchumi-siasa. Nilipanga hojaji kwa wakulima 200, Mumias na Matungu, na nina mwaka mmoja. Nirekebishe wapi? Na takwimu za viwanda mtu huzipata vipi bila kuzungushwa?

Mwalimu_Kisumu:
Ndugu, msimamizi hajakuonea. Swali la "mambo yanayoathiri" huzaa orodha: mvua, mbolea, bei, barabara. Yote hayo unaweza kuyaandika kurasa mia bila kumtaja hata mtu mmoja mwenye uwezo wa kuamua. Wewe uliza nani anaamua, kwa kanuni gani, na hasara ikitokea inamwangukia nani.

Anza na slipu ya malipo, karatasi ambayo kiwanda humpa mkulima baada ya kupima miwa yake. Tarakimu hizi ni za mfano tu, utaweka zako ukitoka shambani. Ekari moja, miwa ya kwanza, tani 24, bei Sh5,000 kwa tani: Sh120,000. Kampuni inaondoa kwenye pesa hizo mkopo wa mbegu 20,000, kulimiwa 12,000, mbolea 14,000. Halafu ukataji Sh450 kwa tani, yaani 10,800, na usafiri Sh900 kwa tani, yaani 21,600. Makato yote ni 78,400, mkulima anabaki na 41,600. Miwa imekaa shambani miezi 20, kwa hivyo ni Sh2,080 kwa mwezi, na palizi hujaitoa.

Sasa tuseme ukataji umechelewa, miwa imekauka, mzani umesoma tani 16. Uzito umeshuka theluthi moja. Lakini zile 46,000 za mbegu, kulimiwa na mbolea ziko palepale, maana zilikopeshwa kwa ekari, si kwa tani. Ukataji 7,200, usafiri 14,400. Anabaki na 12,400. Theluthi moja ya uzito imeondoka na zaidi ya theluthi mbili ya fungu lake, na riba ya mkopo sijaigusa.

Hapo una swali: nani hupanga zamu ya kukata, na kwa nini shamba la huyu hukatwa mwezi wa 18 na la jirani yake mwezi wa 26? Bei ya tani, ile kila mwanasiasa huipigia kelele, ningeiweka nyuma ya hilo.

Nyando_Juu:
Naongeza mitego ya slipu zenyewe.

Slipu moja si mkulima mmoja. Mkataba hufungwa kwa shamba, na mtu mwenye vipande vitatu anaweza kuwa na namba tatu. Ukihesabu mikataba ukaandika "wakulima", umeshaharibu sampuli.

Jina kwenye akaunti mara nyingi ni la mzee, pengine alishafariki na urithi haujafanywa, ilhali anayepalilia ni mkewe au mkaza mwana. Hojaji inayoanza na "mwenye mkataba yuko?" itakupeleka kwa wanaume wasiojua palizi ilichukua siku ngapi. Hoji mwenye akaunti na mwenye jembe, kila mmoja peke yake, usiwaweke chini ya mwembe mmoja.

Mtego mkubwa ni ratuni, ile miwa inayochipuka kwenye visiki baada ya mavuno ya kwanza. Haidaiwi mbegu wala kulimiwa, kwa hivyo slipu yake huonekana nono. Ukilinganisha slipu za ratuni za kijiji kimoja na za miwa ya kwanza za kijiji kingine utadhani kuna njama. Fuata shamba lilelile mzunguko mzima: miwa ya kwanza na angalau ratuni mbili, yaani miaka minne na zaidi. Wewe una mmoja tu, kwa hiyo omba slipu za zamani. Watu huzihifadhi, aghalabu bahasha moja na hati ya shamba. Kabla ya kupiga picha, funika namba ya kitambulisho na ya akaunti kwa karatasi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu wewe pia.

Halafu angalia vipimo. Mkulima anasema ekari, makaratasi ya kiwanda huandika hekta. Hekta moja ni ekari 2.47. Usibadilishe kichwani wakati wa mahojiano. Andika kipimo alichotaja, ubadilishe jioni.

Rekodi_na_Faili:
Kuhusu takwimu: viwanda havifanani, usiviandikie barua moja.

Kampuni ya sukari ya Mumias ilikuwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi tangu 2001, kwa hivyo taarifa zake za fedha za kila mwaka zilitangazwa. Zipo mpaka karibu na 2019, ilipowekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa kwa ajili ya wadai. Viwanda vya Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony (sukari ya Nyanza Kusini) vilikuwa vya serikali, tafuta ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Soma sehemu ya madeni kwanza, malimbikizo ya wakulima huandikwa humo. Viwanda vya watu binafsi havitangazi hesabu, ila CR12, hati ya msajili wa kampuni, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen itakuonyesha wakurugenzi na wenye hisa.

Ofisi ya umma ikikunyamazia, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi ni la maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili, linaelekezwa kwa afisa mkuu mtendaji, nao wana siku 21 za kujibu. Omba kitu mahususi: "tani zilizopokelewa na tarehe za kukatwa, kwa kila eneo, 2015 hadi 2018". Ukiandika "takwimu zote za miwa" wamepata sababu ya kukuzungusha. Wakikukatalia, peleka shauri kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Kwa historia, Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Mafaili ya Nyanza ya zamani huanza na PC/NZA. Rekodi hufungwa miaka 30, kwa hiyo mjadala wa kuanzisha Mumias, na kampuni ya Booker ya Uingereza iliyokuja kuisimamia, uko wazi kusomwa.

Mkereketwa_Muhoroni:
Mwalimu, hapo kwa zamu ya kukata tuko pamoja, lakini si kila mahali. Nguvu ya zamu ipo pale mnunuzi ni mmoja. Huku Kisumu, Muhoroni, Chemelil na Kibos ziko karibu karibu. Mkulima akicheleweshwa usiku linakuja lori la kiwanda kingine, linalipa taslimu. Anayeumia ni kiwanda kilichokopesha mbolea, na msimu unaofuata hakikopeshi. Ushindani unaleta pesa za haraka na unaua mkopo wa pembejeo. Nani anafaidika? Mwenye akiba ya kulima mwenyewe. Mjane wa nusu ekari anaachwa.

Kwa hiyo punguza hao 200. Chukua mashamba 40, nusu eneo la mnunuzi mmoja, nusu la wanunuzi wengi, mzunguko mzima kila moja. Ukiichukua Mumias kama eneo la mnunuzi mmoja, chagua miaka kwa uangalifu: viwanda vya West Kenya na Butali navyo vilikuja kununua miwa ya eneo hilo.

Na usishawishike kupima ukodishaji wa viwanda vinne vya serikali wa 2025. Miwa huchukua miezi 18 hadi 22, kwa hivyo slipu nyingi za mwaka wa kwanza ni za miwa iliyopandwa chini ya usimamizi wa zamani.

Mwana_wa_Butere:
Shukrani sana. Kibali je? Nianze na chifu?

Mwalimu_Kisumu:
Hapana. Kwanza idhini ya kamati ya maadili iliyotambuliwa na NACOSTI, tume ya taifa inayotoa leseni za utafiti, kisha leseni ya NACOSTI yenyewe mtandaoni, kisha kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Chifu unamfikia na makaratasi yote mkononi. Kaunti zikiwa mbili, Kakamega na Kisumu, zitaje zote kwenye ombi. Na orodha ya wa kuhoji usiombe kwake wala kwa viongozi wa vyama vya wakulima, watakupa wenye mashamba makubwa ya kando ya barabara. Tembea na mzee wa kijiji, hesabu boma kwa boma, chagua kila la tano.